Radhi ya Bibi Muhuri

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeitwa na wote Bibi Muhuri. Alifariki Jumanne ya juma lililopita, baada ya chakula cha mchana, akiwa usingizini, katika nyumba ya wazee inayoendeshwa na kanisa. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa karani wa masjala mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna jalada lililopita mezani kwake bila kukaguliwa. Ukikosa tarehe, unarudi. Ukikosa sahihi, unarudi. Hata hakimu alirudishwa, na alirudi.

Hakuolewa, na hakupata mtoto. Ndugu aliyebaki ni mdogo wake wa kiume, fundi bomba.

"Barua yangu ya posa niliandika mwenyewe," mdogo wake anasema, akicheka huku macho yamemjaa machozi. "Dada akaisoma, akaipiga mistari myekundu mahali patatu. Akaniambia, hawa watu wakikukataa, wakukatae wewe, wasikatae mwandiko wako."

Miguu ilipomwishia nguvu, Bibi Muhuri alihamia nyumba ya wazee. Vitanda kumi na viwili katika ukumbi mmoja mrefu. Chake kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo anapoingia binti mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka tu chuo cha ualimu. Kabla ya kutafuta kazi aliamua kumtolea Mungu mwaka mmoja, ahudumie wazee kwa kujitolea. Asubuhi ya kwanza alifika kitandani kwa Bibi Muhuri na chai, akajitambulisha kwa adabu.

"Shikamoo Bibi. Mimi naitwa..."

"Marahaba. Usinitajie jina. Wa kujitolea nyote ni wa mwaka mmoja. Nikishakariri, mnaondoka. Wewe ni Mwaka Mmoja, basi."

Jina likamganda. Ukumbi mzima ukamwita hivyo.

Juma la kwanza Mwaka Mmoja alifanya kosa ambalo wazee walilisimulia mwaka mzima. Aliosha meno ya bandia ya kila mtu, akayapanga vizuri kwenye vikombe, kisha akachanganya vikombe viwili. Bibi Muhuri akaamka na meno ya jirani yake.

"Sista!" akaita. "Njoo uone. Huyu mtoto kanipa mdomo wa mtu mwingine!"

Binti alilia siku hiyo, nyuma ya kamba za kuanikia mashuka. Alitaka kurudi kwao. Bibi Muhuri akatuma aitwe. "Umemaliza kulia? Haya, kaa. Nisomee gazeti. Na ukifika kwenye nukta, pumzika. Usisome kama unafukuzwa."

Toka siku hiyo alimsomea kila siku. Alimgeuza ili asipate vidonda. Alimsugua visigino. Alijifunza kwamba bibi mkali huyu huogopa ngurumo, na mvua ikianza, alikwenda kumshika mkono.

Mwaka ukaisha.

Nyumba hiyo ina desturi yake. Anayemaliza utumishi haondoki kimya kimya. Hupita kitanda kwa kitanda, huyataja makosa yake, huomba radhi. Kila mzee humjibu, "Nimekuwia radhi, nenda salama." Akishapata radhi zote kumi na mbili, sista msimamizi humwombea mlangoni, naye huenda zake.

Binti alipita. Kumi na mmoja walimpa radhi, wengine wakilia, mmoja akimtania kwamba amenenepa kwa mikate yao. Akafika kitanda cha mwisho. Akapiga magoti.

"Bibi, nilichanganya meno yako. Nilikuamsha siku uliyotaka kulala. Nilikuambia daktari yuko njiani, nikijua haji. Niwie radhi."

"Kosa kubwa hujalitaja."

"Lipi, Bibi?"

"Kuondoka."

Binti akainamisha kichwa. Bibi Muhuri akatazama dirishani.

"Sikuwii radhi. Rudi Jumamosi, uombe upya."

Sista msimamizi hakuingilia. Alimwombea binti mlangoni hivyo hivyo, na radhi zake kumi na moja.

Jumamosi binti akarudi. Akaomba. Akanyimwa. Wakasoma gazeti, wakacheka. Jumamosi ya pili, vilevile. Jumamosi tano alirudi, na mara tano alinyimwa. "Bado," Bibi Muhuri alimwambia kila mara. "Nenda ukajifikirie."

Binti anasema njiani alikuwa akicheka peke yake. Lakini moyo ulikuwa mzito pia. Alitaka kulisikia neno lile. Alitaka kujua kwamba mwaka wake ulipokelewa wote.

Kisha akapata kazi, shule ya msingi. Jumamosi ya sita akapangwa kusimamia mitihani. Alipiga simu nyumba ya wazee, akaomba bibi aambiwe atakuja Jumanne jioni. Bibi aliambiwa. Hata hivyo alijivika sweta lake la bluu, akasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi barazani, akakaa kuanzia chai ya asubuhi hadi saa sita mchana.

Halafu akamwita sista.

"Mwambieni Mwaka Mmoja nimemwia radhi. Kwa yote. Asihangaike kurudi."

Jumanne jioni binti alifika, ana chaki bado vidoleni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Sista akamkalisha chini, akampa habari, akampa na ujumbe.

"Alisema kwa hasira, Sista?"

"Sijui, mwanangu. Nikikuambia najua nitakudanganya. Alisema taratibu, huku akilivua sweta."

Binti akajifunika uso. "Afadhali angeninyima tena," akasema. "Afadhali angeninyima."

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Muhuri alizikwa Ijumaa. Kaburini mdogo wake alimshika binti mkono. "Dada yangu hakupitisha kitu asichokikagua," akamwambia. "Amekukagua mwaka mzima. Amekupitisha." Binti aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda tena nyumba ya wazee. Sista akamuuliza amekuja kumwomba nani radhi. Akajibu, "Simwombi mtu. Nimekuja tu." Akachukua gazeti, akaketi kitanda cha jirani.

Tunatoa pole kwa mdogo wa marehemu, kwa mkewe na watoto wao. Pole kwa masista na wazee kumi na mmoja waliobaki. Pole kwa Mwaka Mmoja, ambaye tunajua anatusikiliza. Mungu amlaze Bibi Muhuri mahali pema.

Nasi tujiulize. Yuko nani anayetungoja barazani, akijifanya hatungoji? Nani anatufokea kwa sababu hajui namna nyingine ya kusema, "Baki"? Pengine ulimwambia utakuja Jumamosi. Leo ni Alhamisi, mpendwa msikilizaji. Bado siku mbili.