Msaidizi Anayekunywa Chai Saa Nne

Kesho Ijumaa, tarehe thelathini, Bi Halo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya maji. Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida hili na sherehe ya kumuaga, nikaahidi kuumaliza Jumatatu. Leo ni Alhamisi na ninauandika upya wote, kwa sababu ule wa kwanza ulimhusu mtu ambaye, kumbe, sikumjua.

Alianza kama opereta wa simu, akiwa na miaka ishirini na sita, mbele ya ubao wa nyaya ambao leo umebaki ukutani kama pambo. Mteja akipiga, kitu cha kwanza kukisikia kilikuwa "halo" yake ndefu, na jina likamganda hapo. Wakongwe wanasema aliwatambua wateja kwa kikohozi. Mwaka lilipopasuka bomba kuu, alishinda kwenye simu siku mbili akiwaambia watu ukweli, kwamba maji hakuna na hajui yatarudi lini, na hakuna aliyemtukana. Baadaye akapelekwa masijala, kisha dawati la malalamiko, alikokaa miaka kumi na tisa.

Miaka minne iliyopita idara ilinunua mtambo wa kuwajibu wateja kwenye simu zao. Tukaupa jina la Msaidizi. Mteja anaandika shida yake, Msaidizi anamjibu kwa adabu. Dawati la malalamiko likafungwa. Bi Halo akahamishiwa chumba cha mwisho cha korido, kilichokuwa stoo ya karatasi, akaambiwa apange mafaili ya zamani.

Kwenye chai ya saa nne alikuwa na maoni yake, wala hakuyaficha. Alisema kundi la simu la mtaani kwake lina watu mia mbili na kumi wanaotumiana salamu za asubuhi zenye maua, na bado jirani wa ukuta mmoja alilazwa wiki nzima bila yeyote kujua. Alisema siku hizi mtu anajua mgeni wa ng'ambo kala nini jana, lakini hajui nani kahamia nyumba ya pili. Simu yake mwenyewe ni ya vitufe, imefungwa kwa mpira. Mpinzani wake mkuu nilikuwa mimi. Nilimwambia mbele za watu kwamba Msaidizi anamshinda: hachoki, hanuni, haombi ruhusa ya msiba. Nikaandika hata makala katika jarida hili hili, nikaiita "Mtambo Usiochoka". Yeye alikoroga chai yake, akasema huenda.

Sasa sikilizeni. Jumatatu nilikwenda ofisi ya utumishi kuangalia fomu yake ya makabidhiano, nipate tarehe sawasawa. Ni ile fomu ambayo kila anayeondoka huorodhesha anavyoviacha. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake uliolala: funguo mbili; muhuri mmoja; mafaili elfu moja mia nne, yamepangwa. Namba nne: "Msaidizi. Maswali sitini hadi themanini kwa siku. Apewe mtu mvumilivu."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa kuagia. Nikampelekea fundi wa kompyuta tucheke wote. Hakucheka. Alifunga mlango, akakaa, akasema siku zote alidhani wakubwa wanajua. Wiki ya kwanza kabisa mwanamke mmoja aliandika kwamba bomba limepasuka chumbani na watoto wamepanda kitandani. Mtambo ukamjibu: asante kwa kuwasiliana nasi, tunakutakia siku njema. Ukamjibu hivyo mara tatu. Fundi akauzima, akamwomba Bi Halo ajibu kwa mkono siku mbili tu, wakati yeye anawatafuta waliotuuzia. Waliotuuzia hawakupokea simu tena. Siku mbili zikawa miaka minne.

 Hapo mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine. Msaidizi hakuwahi kujibu usiku, wala kati ya saa saba na saa nane mchana. Kwenye ripoti tuliandika kwamba mtambo unapoa. Saa nne asubuhi alikuwa kimya pia, na sikuona ajabu, maana nami nilikuwa kwenye chai, nikibishana naye. Wiki ambayo Bi Halo aliugua homa, tuliwatangazia wateja matengenezo ya kawaida. Mtambo gani unaugua pamoja na karani? Tukaupeleka kwenye maonyesho, ukapewa cheti, tukakitundika kwenye korido ile ile anayoipita kila siku kwenda stoo. Na wiki iliyopita kamati ya sherehe ilimwomba Msaidizi atunge salamu za kumuaga Bi Halo. Jibu likaja: amefanya kazi yake, asichoshwe na hotuba ndefu. Tulistaajabu jinsi mtambo ulivyomjua.

Nilimfuata stoo. Alikuwa anamjibu mtu kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, miwani puani. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Bila kuinua macho alisema hakuna aliyemuuliza, na angesema, tungenunua mtambo mwingine, watu waendelee kutakiwa siku njema huku maji yamewafika magotini. Akaongeza kwamba mtambo hauchukii. Ila mwenye shida huandika jambo moja akiwa na jingine moyoni, na hapo panahitajika mtu aliyewahi kukosa maji.

Wakubwa wameambiwa. Cheti kimeteremshwa, kimeandikwa jina la mwenyewe, na kesho atakabidhiwa. Jumatatu dawati la malalamiko linafunguliwa tena, na wateja wataambiwa kwamba wanaandikiana na watu. Watu hao ni wawili, mmoja ni mimi. Sikuchaguliwa, niliomba. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu umenipata mimi barabara.

Limebaki moja, nalo ni langu. Mwaka jana mama yangu alitoka hospitali tukakuta bomba la nyumbani limekauka. Nilimwandikia Msaidizi kwamba mama ni mgonjwa na maji hakuna, kama mteja yeyote, bila kujitambulisha. Alinielekeza kwenye koki iliyojificha nyuma ya tangi. Asubuhi yake akaandika: "Mama amepata maji ya kuoga?" Nikaibeba simu hadi kwenye chai, nikamwonyesha Bi Halo, ushahidi kwamba mashine sasa zina utu. Alisoma, akanirudishia simu, akauliza kama nilijibu. Nikacheka, nikamwambia nani huijibu mashine.

Basi, Bi Halo, kwa niaba ya idara nzima na ya wateja ambao hawakujua wanamshukuru nani, asante. Tunakuombea afya, siku ndefu zenye utulivu, na simu ya vitufe inayoita pale tu unapopenda iite. Na mama alipata maji. Alioga, akalala mpaka jua likawa juu. Anauliza utakuja lini akushukuru mwenyewe.