Kioo cha Kinyozi

Fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye basi kati ya watu wawili wasiojuana, masikio yake yakifanya kazi asiyoyatuma. Kinyozi wa kulia alikuwa akijigamba kwamba akiba yake yote iko kwenye sarafu za mtandaoni. "Zile hazina jina, dada. Natuma, napokea, na shemeji zangu wanadhani sina hata ya sabuni." Siri hiyo ilimfikia hadi dereva.

"Anwani ya kupokelea unaibadilisha?" akauliza dada wa kushoto, muuza simu.

"Ya nini? Nimeibandika kwenye kioo changu cha kazini, wateja wanilipe."

"Basi kaka, kila anayenyolewa akiitafuta anwani hiyo mtandaoni ataona kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Umeficha jina, mfuko umeuanika!"

"Wateja wangu si wambea!"

Fundi akashindwa kujizuia. "Na hao shemeji zako wananyolewa wapi?"

Basi likasimama kituo alichotakiwa kushuka kinyozi. Hakuinuka.

"Kwangu," akasema polepole. "Bure. Juzi mkubwa wao kajipiga picha kwenye kile kioo, akaniita tajiri. Nikadhani utani."