Ugonjwa wa Dada Yetu Mwanasheria

Ndugu waombolezaji, nasoma historia hii mimi, mdogo wake marehemu, mwenye mdomo usio na breki, na familia ingemchagua mwingine, ila marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza nisome mimi, kwa hiyo mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa muuguzi na fundi saa, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, sekondari mwaka 1982, na kuhitimu shahada ya sheria mwaka 1992.

Mwaka 1994 aliajiriwa na hospitali kubwa awe mwanasheria wa kulinda siri za wagonjwa na kusimamia kanuni, akaung'oa ubao wa majina mlangoni mwa wodi, akapiga marufuku kutangaza ugonjwa wa mtu kwenye dirisha la dawa, akamshtaki kwa bodi mganga mkuu aliyechungulia faili la mkwewe, nusura kibarua chake dada kiote nyasi, na nyumbani tukamwita Kufuli, maana ukimuuliza jirani aliyelazwa ana nini, alikujibu ana kitanda.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mwaka 1998 na mvulana mwaka 2002.

Sasa nimefika mnapopangojea, hata shangazi amesogeza kiti. Dada alianza kuugua Agosti 2022, akalazwa hospitali ileile, na tangu jana navutwa pembeni, naambiwa nisipotaja ugonjwa watu watazua makubwa zaidi, na hofu hiyo ninayo, kwa kuwa wapwa zangu ndio watakaoishi na uvumi huo. Lakini siku chache kabla hajatuacha alinishika mkono, akaniambia, hata wewe, mdogo wangu, ukiweza kunyamaza, hakuna atakayejisumbua kuwauliza wanangu.

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, kwa ugonjwa wake.

Shangazi, rudisha kiti.

Tunawashukuru madaktari, ambao idara yao siitaji kwa sababu mtajua, tunawashukuru majirani kwa kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, walionikodolea macho tangu nianze kusoma kama wakaguzi waliokuja bila taarifa.

Pumzika kwa amani, dada. Sijasema.