Sufuria Moja ya Karakana: Maisha ya Théoneste Nsengiyumva

Marehemu kaka yangu Théoneste Nsengiyumva alizaliwa Gahanga tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa tatu wa mzee Mugenzi. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha akaenda Bujumbura kujifunza kuchomelea chuma. Huko ndiko alikopata Kiswahili chake, pamoja na tabia ya kusimulia huku anatafuna, ambayo mama yetu hakuipenda hata kidogo.

Mwaka 1969 aliajiriwa hapa Kigali katika karakana ya madawati ya shule, na baadaye akawa kapita, mkuu wa mafundi. Mchana mafundi wote walikula maharage kutoka sufuria moja, na palepale waliambiana chuma kipi kina kasoro na nani anauguliwa nyumbani. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini aliyeingia pale hakutaka kuondoka.

Alifunga ndoa na Pudentienne mwaka 1970. Harusini aliagiza wenzake wa karakana wahudumiwe kabla ya wajomba, na wajomba walinuna mpaka ubatizo wa mtoto wa kwanza.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, mafundi walianza kuulizana makabila. Wengine walikamatwa wakidaiwa kuwasaidia waasi, na waliporudi walitazamwa kwa jicho baya. Ukaja uvumi wa sumu, watu wakaanza kula kwa makundi. Kaka yangu akawa anaonja maharage mbele ya wote. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, mimi iko na watoto. Wewe kula tu." Mkurugenzi naye akasema, "Kapita, wacha hiyo sufuria. Kila mutu akulie kwake, kazi iendelee."

Kazi haikuendelea. Mchomeleaji hakumwambia tena mpiga rangi kwamba mguu wa dawati umepinda, na shule zikarudisha madawati. Mkurugenzi akaongeza wasimamizi wa kuwafokea watu. Jambo hilo lilinikera, na bado linanikera.

Théoneste alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba mafundi wale pamoja tena, hata mara moja. Walimkaribisha vizuri, wakamsindikiza mpaka barabarani. Kesho yake hakuja mtu.

Februari mwaka huu ini lilianza kumsumbua. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi kazini macho yakiwa ya manjano. Mkataba wa amani uliposainiwa Agosti, aliniuliza, "Eustache, sasa watakula?" Alifariki nyumbani kwake Gikondo, Jumapili tarehe 14 Novemba 1993.

Ameacha mjane, Pudentienne, watoto Muhire, Natacha na Régis, mimi mdogo wake, pamoja na mafundi wake. Mafundi wamechangia mazishi haya kwa moyo, tunawashukuru. Walituma wajumbe wawili, mmoja kutoka kila kundi, na wote wawili waliomba jambo lilelile: wasikalishwe karibu na wale wengine. Tumewapangia mabenchi, hawa upande huu wa kaburi, wale upande ule. Kaka yetu amelala katikati. Bwana ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.