Bibi Majivu na Chai ya Mkurugenzi

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya matope na miamba ya kale, tarehe 30 Juni Bibi Majivu anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi. Lile la kwenye kitambulisho analikumbuka mhasibu peke yake.

Alianza kwa kuosha vichujio, anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha majivu ya volkano. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, kuifanya ndiyo kasheshe. Volkano ikilipuka, majivu yake hutanda mbali kwa mara moja, na kila mlipuko una kemia yake. Ukishajua umri wa majivu, tope la ziwa lililo chini yake ni la kale zaidi na la juu ni la baadaye. Hapo ndipo unapojua mvua zilikatika lini, na watu wa kale walihama lini. Mumewe analalamika kwamba hata jivu la jikoni haruhusiwi kulizoa kabla halijakaguliwa.

Lakini sisi tutamkumbuka kwa chai. Mwaka fulani tulipata zana za mawe chini ya tabaka jembamba la majivu meupe. Mafuriko yakalifukia shimo, tukabaki na majivu ya vijiko viwili tu. Yakipotea, umri wa zana zile ndio basi tena. Siku yalipofika maabara, akazaliwa mjukuu wa kwanza wa Bibi. Bibi, kwa kiherehere cha kwenda kumwona, akaisahau chupa ya majivu hayo kwenye rafu ya chai. Mkurugenzi akaona unga mweupe, akajikorogea wote. Akapiga funda moja, akanung'unika kwamba maziwa ya ofisi siku hizi yana mchanga.

Sisi tulimkimbilia mkurugenzi. Bibi, aliyekuwa bado mlangoni, alikikimbilia kikombe. Alimpokonya bosi wake bila hata salamu, akachuja, akasuuza sukari, akakausha. Majivu ya volkano ni vipande vidogo mno vya kioo, hayayeyuki kwenye chai. Yaliyosalia yakatosha, na umri ukapatikana. Ripoti haikutaja sukari.

Mkurugenzi tangu hapo huja na chai yake kutoka nyumbani, na ndiye aliyelia kuliko wote barua ya kustaafu ilipofika.

Bibi, ahsante sana. Tutakukosa, wala hatuoni haya kusema. Nenda kalee wajukuu kwa afya na furaha. Zawadi yako ni kikombe kile kile, na chembe zako bado zimeganda chini. Hakuna aliyethubutu kukiosha.