Zamu ya Bani Malik

Ijumaa ya tarehe saba Februari, mwaka jana, saa kumi na moja jioni, mwanangu Swaleh aliruka kudaka mpira chini ya kikapu, akatua kwa miguu yote miwili kama kawaida yake, kisha akakaa chini na hakuinuka tena. Naanzia hapo, wanangu, kwa sababu tangu saa ile mimi si mtu niliyekuwa, na haya ninayotaka kuwaachia yametoka hapo. Sikilizeni. Nasema polepole, msinikatize, pumzi imekuwa chache na figo hizi zimeshaniaga.

Mwanaisha, binti yangu, umeacha kazi yako Riyadh ukaja, kaa karibu. Wesley, nahodha wa timu yetu ya Bani Malik, kaa hapo nikuone uso. Norman, weka hiyo simu. Pauline, mwanangu nisiyekuzaa, ukiona naregea nishike mgongo, lakini usiniambie nipumzike. Nitapumzika sana.

Mali yangu si nyingi. Nimekuwa karani Bandari ya Jeddah tangu nywele zingali nyeusi, na nilichopata nilikula na watu. Nyumba ya kule kwetu Kibokoni ni ya Mwanaisha, ila shangazi yake akae humo mpaka mwisho wake, asisumbuliwe na mtu. Nguzo ya kikapu, ile ya magurudumu, pamoja na mipira yote, ni ya timu. Kimebaki kitu kimoja, ndicho kilichowaleta na nyuso hizo: zamu yetu ya kura.

Mwanaisha hajui mambo ya mpira, basi nimweleze. Tulipoanzisha ligi yetu sisi Wakenya na Watanzania wa hapa Jeddah, kila timu ilikuwa ikivizia wageni wanaoshuka uwanja wa ndege. Mrefu aligombaniwa, mfupi hakuulizwa hata jina. Tukaona aibu. Tukakubaliana kwamba kila mwaka, Ramadhani ikiisha, tutatia mipira ya tenisi ya meza ndani ya sufuria, kila mpira na jina la timu, na timu iliyoshika mkia iwe na mipira mingi zaidi. Timu ambayo mpira wake umetoka kwanza ndiyo inayochagua mgeni kwanza. Tukaweka na sharti: ukimchagua mtu, hukuchagua miguu yake tu. Utamtafutia pa kulala, utamwongoza kwenye mambo ya ikama apate kibali cha kukaa nchini, akiugua utakaa naye, akifa utamsindikiza. Ndiyo maana hata asiyejua kudunda mpira huandikisha jina lake.

Mwaka huu tumeshika mkia sisi. Juzi Wesley alinipigia hesabu hapa kitandani, na nasema mbele yenu kwamba kijana huyu anaujua mpira. Mpira wetu ukitoka kwanza, tunampata Onesmus, yule wa Eldoret anayeinama kupita mlangoni. Ukitoka wa pili, Onesmus amekwenda, tunapata mtu wa kawaida. Ukitoka wa tatu au wa mwisho, tunaokota tulichoachiwa. Kwa hiyo, anasema, tusingoje sufuria. Tuiuze zamu sasa, ingali na ndoto ndani yake. Tuwape timu ya Al-Nuzha, na ya mwaka kesho juu yake, nao watupe mchezaji wao Dancan. Tukiwa na Dancan tutashinda hapa Jeddah na kwenda fainali ya Riyadh, ambako Bani Malik haijawahi kukanyaga. Norman naye akadakia kwamba akipasiwa na Dancan hata yeye atafunga, nikacheka mpaka nikakohoa.

Sasa nawajibu. Hizo hesabu za "ingekuwa" nimezipiga kuwashinda. Mwaka alipofika Swaleh, mpira wa kwanza ulitoka wa timu ya Bandari, wa pili wa Al-Nuzha, na Alfayo, nahodha wao, akasimama akamtaja mwanangu mbele yangu. Ninyi nyote mlinuna. Swaleh akanijia anacheka, akasema, "Mzee, sasa nikikufunga usininyime chakula." Sisi tukawa wa tatu, tukamchukua kijana mmoja mfupi wa Vihiga aliyeketi nyuma akijifanya hatazami. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuja huku, alikuwa amemkana, alikuwa akilala msikitini na yeye ni mtoto wa mchungaji. Ndiye wewe, Wesley.

Tangu Swaleh afariki nimekuwa nikiigeuza sufuria ile kichwani. Wa pili ungetoka wetu, Swaleh angekuwa Bani Malik, na Ijumaa ile sisi hatukuwa na mechi. Angekuwa hapa nyumbani, labda tungemwahi. Lakini Wesley angekwenda Al-Nuzha, na watu wa Al-Nuzha ni madereva na wapishi, wote wanalala kwa mabosi wao. Wangemlaza wapi? Nikaanza upya, nikautoa wetu kwanza, nikautoa mwisho, na kila nilivyoutoa kulikuwa na mtoto wa mtu aliyebaki nje. Halas, nikaacha. Mkono uliotoa kura ile ni wa binadamu, lakini aliyeuongoza namjua, nami sina ugomvi naye.

Na liko jambo ambalo hamkuliona. Nilipofika hospitali, Alfayo alikuwa mlangoni, ameshika viatu vya Swaleh. Nikamwambia aende, bosi wake anangoja gari. Akaniambia, "Mzee, huyu tulimchagua sisi. Tutamfikisha sisi." Akazungusha karatasi ofisi hadi ofisi. Akabeba jeneza. Kwa kuwa yeye ni Mkristo, alibaki nje ya lango la makaburi, akasimama juani mpaka tukatoka, na simu ya bosi inalia mfukoni asiipokee. Kwa hiyo kule kuwanunia Al-Nuzha kwa ajili yangu, kufe kabla yangu.

Zamu isiuzwe. Dancan ni mchezaji wa kweli, sibishi. Lakini zamu ni mtu ambaye hatujamwona uso. Mkiiuza, mmemtoa mtu asiyekuwepo kujitetea, mkamkabidhi kwa timu isiyo na hata godoro la kumlaza. Wesley, inua kichwa, sikugombezi. Nami natamani mfike Riyadh, Mwanaisha akae jukwaani awashangilie kwa sauti ile yake ya kuudhi.

Basi nendeni kwa Alfayo na kitu anachokikosa kweli. Wageni wake amekuwa akiwalaza ndani ya gari la bosi, akiwaamsha kabla ya alfajiri wasionekane. Mpeni chumba cha Swaleh. Mwambieni wageni wote wa Al-Nuzha watalala humo maadamu fleti hii ni yenu, naye atupe Dancan. Zamu yetu ibaki sufuriani. Mwanaisha, najua ulitaka kitanda kile kibaki kilivyo. Lia, mama, lia. Kisha toa shuka, ufue, ufungue dirisha.

Pauline... mgongo. Hapo, asante.

Nizikeni hapa hapa Jeddah, msinisafirishe. Na kura ya Ijumaa isiahirishwe. Kama ndiyo siku yangu, nizikeni baada ya swala ya Ijumaa, na alasiri mtoe kura. Kuna watu wanangoja kujua wao ni wa nani.

Onesmus akitoka kwenu, mpokeeni. Akitoka yule ambaye hamkumtaka... mpokeeni kwa mikono miwili. Radhi zangu mnazo. Wewe, Mwanaisha. Wewe, Wesley. Norman, na wewe. Pauline... na wewe.

Maji kidogo. Basi, yatosha.

Inueni mikono. Wasio wa dini yangu semeni amina tu, itafika. Ewe Mola, msamehe Swaleh. Lipanue kaburi lake, litie nuru. Mrehemu mama yake aliyemtangulia. Na wote waliokufa ugenini... wasio na wa kuwafumba macho... wasiotajwa na mtu... wachague Wewe.

Amina.