Mjaka bin Silima na Ubani wa Kampuni

Wasifu wa marehemu, umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Hija bin Silima, nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Mkunazini, siku ya khitma, Alkhamisi tarehe 12 Novemba 1959.

Masheikh, majirani, na kina mama mlio ndani, assalamu alaykum. Ahsanteni kwa kutuzikia ndugu yetu. Kabla sijaanza, nitaje kile ambacho kila mtu anakitazama na hakuna anayekisema. Magunia ya mchele yaliyopangwa uani, na ng'ombe aliyefungwa pale, vimeletwa jana na kampuni ya unga kuwa ni ubani, yaani mkono wa pole, wa msiba huu. Jina la kampuni sitalitaja mbele ya khitma. Mnaijua, na karibu sote tunakula mkate wake. Masufuria bado hayajapanda motoni. Nikimaliza kusoma nitakwambieni kama yatapanda au la, na kwa nini.

Marehemu Mjaka alizaliwa Kendwa, kaskazini ya Unguja, mwezi wa Septemba 1904, mtoto wa kwanza wa mzee Silima bin Mcha na Bi Shemsa binti Hija. Watu wetu ni wavuvi, lakini yeye bahari ilimtapisha tangu mdogo. Baba alimchukua mara mbili akarudi naye amelegea, na mara ya tatu akamwambia mama, "Huyu mtafutie kazi ya nchi kavu." Alihitimu Qur'ani kijijini. Mwaka 1915 akaletwa mjini kwa shangazi yetu, akasoma shule ya serikali mpaka darasa la nne. Hesabu alizipenda, imla ilimtoa jasho.

Mwaka 1920 aliingia kazini kwenye tanuri la mzee Matar, mwoka mikate ya boflo wa Malindi, pamoja na rafiki yake Jaku. Katika wiki ya kwanza Mjaka alitia chumvi mara mbili. Mzee Matar hakumpiga, wala mikate hakuitupa. Alimtwika kapu akamwambia, "Nenda nyumba hadi nyumba, na kila mlango useme mwenyewe ulichokifanya." Alirudi na mikate yote na matusi ya nusu ya Malindi. Marehemu akipenda kukihadithia kisa hiki mpaka uzeeni, na kila akikihadithia yale matusi yalizidi. Mwaka 1931 alijenga tanuri lake mwenyewe hapa Mkunazini. Tusimtakase kwa kuwa amekufa: alikuwa na hasira za karibu, na akikukopesha mkate atakukumbusha mbele za watu. Lakini mkate wake ulikuwa na uzito wake, na mtu hakulala na njaa kwenye mtaa huu huku tanuri lile likiwaka.

Alimuoa Bi Mwanakheir binti Abdulla mwaka 1933. Wakati wa posa alikuwa akimpelekea mkwewe boflo la moto kila alfajiri. Siku moja tanuri lilipasuka na mkate haukwenda. Adhuhuri haijaingia, mzee Abdulla kasimama dukani na bakora yake: "Kijana, posa umeivunja?" Marehemu akamjibu, "La, baba, tanuri ndilo lililovunjika." Mzee akapumua, "Alhamdulillahi. Basi jenga upesi, chai nshainywa kavu leo." Waliishi pamoja miaka ishirini na sita, wakajaaliwa watoto wawili.

Sasa naingia mahali ambapo sauti yangu itashuka, na mtanisamehe.

Mwaka 1956 ilitangazwa kuwa viti vya Baraza la Mitaa vitajazwa kwa kura. Watu watatu walikitaka kiti chetu, na marehemu alikuwa mmoja wao. Haikupita wiki, gari za kampuni zikaanza kuzunguka mitaani zikitafuta mgombea wa kumpakia. Marehemu akawakusanya wenzake wawili baada ya sala ya Isha, mbele ya watu wote, akasema: "Anayetaka kura aende kwa miguu yake. Asipande gari ya kampuni, asigawe unga wa kampuni, wala kanga, wala kahawa. Sisi tunamtuma mtu akatusemee. Akishalishwa na mwengine, atamsemea nani?" Wote watatu wakakubali, ikasomwa Fatiha. Kila kitu kilitajwa usiku ule. Ubani haukutajwa. Nani angeufikiria? Msiba ni msiba, hauna siasa.

Jumatatu tarehe 20 Agosti, wiki tatu kasoro kabla ya kura, mama yetu Bi Shemsa alifariki Kendwa. Watu wa mjini walikuwa wanahangaika na usafiri mpaka kampuni ilipoleta lori. Lori lile lile lilibeba mchele, samli na ng'ombe wawili. Wakala wao, Bwana Machano, aliteremka na kanzu safi, akampa marehemu mkono.

"Poleni, Sheikh Mjaka. Kampuni imefiwa pamoja nanyi."

"Bwana Machano, sisi tumesoma Fatiha kuwa hatupokei kitu chenu."

"Fatiha ile ya kura. Huu ubani. Ubani haurudishwi, na maiti yumo ndani."

Marehemu akatutazama sisi ndugu na wazee. Hakuna hata mmoja aliyemsaidia. Mjomba wetu mmoja, Mungu amrehemu naye, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Pokea, mwanangu. Watu wametoka mjini hawajala. Unataka iwe khabari kuwa Mjaka kamzika mamake kwa maji matupu?" Akapokea, kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Tukala. Wali ulikuwa mzuri, na wengine tulirudia sahani.

Khabari zilifika mjini kabla yetu. Wenzake wawili waliogombea naye hawakuweza kusema neno, maana ni nani atakayeleta mzozo juu ya msiba wa mtu? Wapigakura wao walisema waziwazi: mtu anayezikiwa na kampuni hatakosa la kutuletea. Tarehe 8 Septemba marehemu alishinda kwa kura nyingi. Pongezi tulizipokea mlangoni hapa huku tunaangalia chini.

Machi 1957, karibu na Ramadhani, baraza lililetewa hoja kuwa matanuri ya kuni ya Mji Mkongwe yafungwe kwa sababu ya moshi na hatari ya moto, na mkate uokwe kwenye kiwanda kipya cha kampuni peke yake. Waokaji wote walikuwa wamempa Mjaka kura zao, wakakaa nyumbani bila ya wasiwasi. Majibu yake aliyatayarisha, na asubuhi ile alinisomea, yakanitia raha: matanuri yetu yana miaka mingapi, yameunguza nyumba ngapi, na hiyo mashine itamlisha nani kwa bei gani. Ilipofika zamu yake akasimama. Bwana Machano alikuwa amekaa nyuma yake, pahala pa wasikilizaji. Huyo Machano akasema taratibu, kwa heshima zote, "Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, Bi Shemsa."

Marehemu akaitikia, "Amin." Kisha akakaa.

Hoja ilipita kwa kura moja, na kura yake yeye hakuipiga. Matanuri yakafungwa mwezi ule ule. Rafiki yake Jaku naye alikuwa na lake, likafungwa. La Mjaka liliachwa, wakasema lina dohani ndefu ya kutolea moshi. Zawadi ile ilimuumiza kuliko adhabu. Alilivunja mwenyewe kwa nyundo mchana, watu wanapita wanamtazama, na Bi Mwanakheir amesimama na ndoo ya maji. Jaku sasa anatembeza mikate ya kampuni kwa kapu. Tangu siku ile hawakusemezana, kila mmoja akimkwepa mwenzake vichochoroni, mmoja kwa hasira na mmoja kwa haya.

Baadaye nilimuuliza kilichomkalisha kitini. Aliniambia, "Hija, angekuja na fedha ningemfukuza, najua kufukuza mtu. Kaja na pole, nami nkaona haya."

Lakini hakulala nalo. Januari 1958 alipeleka hoja yake mwenyewe barazani: kila mjumbe aliyepokea kitu chochote kwa mtu au kampuni yenye shughuli mbele ya baraza, hata kikiwa ubani, akitaje hadharani, na shughuli ile ikija atoke nje asipige kura. Nimeisoma mara nyingi hoja ile na sijaona kasoro. Mjumbe mmoja akamkata kauli, "Vizuri, Bwana Mjaka. Tuanzie na nani?" Baraza zima likacheka. Marehemu akasema, "Naam, tuanzieni na mimi," akaeleza yote, lori, mchele, ng'ombe, na ile amin aliyoiitikia. Wakaacha kucheka, kisha wakaikataa hoja. Ilikuwa hoja nzuri, na ilikufa kwa sababu ya mdomo ulioisema. Yeye alilijua hilo, na nadhani ndilo lililomzeesha.

Pumu aliyokuwa nayo kwa moshi na vumbi la unga ilimzidi mwanzo wa mwaka huu. Alilazwa hospitali mara mbili, mara ya pili akaomba arejeshwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 10 Novemba 1959, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tano, mkono wake umeshikwa na bintiye. Tulimzika siku ile ile baada ya Alasiri.

Ameacha mjane, Bi Mwanakheir, aliyeko edani, watoto wawili, Kulthum na Silima, wajukuu watatu, dada yetu Bi Mize, na mimi.

Sasa haya magunia. Jana tulibishana vibaya. Nyumba hii haina kitu tangu tanuri livunjwe, na wapo waliosema kama walivyosema Kendwa, kuwa watu wametoka mbali na ubani haurudishwi. Kwa maneno yale yale, Wallahi, na maiti wa safari hii ni Mjaka mwenyewe. Bi Mwanakheir akanena kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, mume wangu kala wali ule siku moja, umemkaa kooni miaka mitatu. Wageni wake hawauli nyumbani kwangu."

Bwana Machano, nakuona, umekaa karibu na mlango. Pole zako tumezipokea na Mungu atakulipa. Mchele na ng'ombe rudi navyo. Mkokoteni upo nje, na wapo vijana watakaokusaidia kupakia.

Na nyinyi wengine, baadhi yenu mmetoka Kendwa tangu alfajiri, na mtarudi hamkula. Kuna kahawa, nayo ni ya jirani. Kumtoa mtu khitmani na njaa ni aibu kubwa kwetu, sitaki kujifanya siioni. Uso wangu umeshuka hapa nilipo. Tunakuombeni radhi kwa hili, na tunamuombea radhi marehemu kwa lile la Kendwa.

Mola amsamehe Mjaka bin Silima, amlaze pahala penye wasaa, na asimuulize kwa yale tuliyomtwisha sisi.

Bado neno moja. Juzi na jana tulimtuma mtu kumwita Jaku. Jaku akajibu, "Mjaka nshamsamehe, na nnamuombea. Lakini siji, wali wao sili." Hakuuliza tutapika nini. Alituhesabu sote kuwa ndio wale wale, na hakutuonea. Anayepita Kajificheni, mtaani kwake, jioni hii amgongee mlango, amwambie hatukupika.